Familia ya Dirishani

Chuo chetu cha Brussels kilikuwa kidogo. Tulisoma falsafa, historia na sayansi pamoja, tukala na kulala chini ya paa moja. Mkuu wa bweni hakuchoka kutuambia, "Hapa sisi ni familia."

Baba yangu alipofariki Mwanza, kina mama Wakongo ninaosali nao kanisani, mtaa wa Jette, walikuja bwenini na mikeka na sufuria za wali, tukae msibani. "Pole, mutoto yetu," waliniambia.

Mkuu akawatoa nje, eti hawakualikwa. Nani anaalikwa msibani? Mimi akaniambia nitaonana na mshauri nasaha wa chuo Alhamisi, siku tatu mbele. Alhamisi!

Nikabeba mkeka, nikawafuata kina mama nje. Tulimlilia baba kwenye ngazi za chuo, mvua ikitunyeshea. Familia ilikuwa dirishani, inatutazama.