Zimwi Tulilolisalimia

Enzi zetu, ndugu zangu mliokulia mtaa wa Makomeno huku Katanga wakati intaneti ilikuwa bado mgeni mjini, zimwi halikutoa taarifa kabla ya kuja. Lilikuja tu. Ulikuwa umekaa siber, ile nyumba ya kompyuta za kukodi iliyokuwa nyuma ya duka la vitambaa, watoto watatu juu ya kiti kimoja, unamtembeza shujaa wako porini kutafuta kuni za kwenye skrini, mara spika zinaanza kupiga ngoma. Du. Du. Du. Mtandao wetu ulikuwa mzito kama bukari, ugali wetu, ya jana, kwa hiyo ngoma ilitangulia, picha ikaganda, na ilipofunguka tayari wewe ni maiti. Mara nyingine hatukujua kama tumeuawa na zimwi au na waya.

Dude lenyewe lilikuwa refu kupita miti, mabega ya mawe, taa ya kijani tumboni. Halikuwa na kwake. Mazimwi mengine ya mchezo ule yalikaa mapangoni yakingoja wenye ubavu wayafuate, lakini hili lilizurura, leo mtoni, kesho karibu na soko, na halikujali kama umekuja kupigana au kuvua samaki. Tulikuwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, tunajidai hatuogopi kitu, na chini ya meza tulikuwa tumeshikana mikono.

Sasa niwaambie jinsi nilivyopata udaktari wangu. Baba yetu alikuwa mwalimu, mtoto wa Wakasai waliohamia Katanga yeye hajazaliwa, na katika masomo yote aliyotufundisha, la kwanza lilikuwa salamu. "Mukubwa akipita, simama. Tula kenye umebeba. Inamisha kichwa." Ndoo ya maji, tunatua. Gunia la makaa, tunatua. Mimi na mdogo wangu wa kike, Kapinga, tuliinamia kila mtu mwenye mvi kidogo, hata fundi wa bomba aliyekuja kutuharibia choo, hata wageni waliotokea Pweto na samaki wakavu wao bila kutuarifu. Mwili ulikuwa umezoea. Mkubwa akitokea, mikono inaachia na kichwa kinashuka.

Basi siku ile ya kwanza ngoma zilipolia na picha isigande, nikaliona zimwi zima zima limesimama mbele yangu. Wenzangu walipiga kelele nikimbie. Mimi niliganda kwa woga, na vidole vyangu vikafanya vilichozoea kufanya mbele ya wakubwa: vikaweka upanga chini, vikabonyeza kile kitufe cha kuinama ambacho watengenezaji wa mchezo waliweka kama pambo tu. Zimwi likaniinamia, likanipumulia, likaenda zake.

Nikageuka taratibu, nikasema kwa sauti nzito ambayo sikuwa nayo, "Ile zimwi iko na heshima. Mwenye kuinama hapana kuuwawa." Maneno hayo niliyabuni palepale na hata mimi yalinishangaza.

Kuanzia hapo nikawa Docteur. Nilifungua shule. Niliwafundisha watoto wa mtaa mzima: silaha upande wa kulia, hesabu mpaka tatu, inama, usilitazame usoni. Hayo ya kulia na ya kuhesabu niliyaongeza mwenyewe, maana dawa isiyo na masharti nani ataiamini? Walininywesha munkoyo baridi, walinipa kiti cha karibu na dirisha. Na dawa ilifanya kazi, wiki baada ya wiki. Hakuna aliyeinama akauawa. Nilivimba kichwa hadi mama akasema mlango wa nyumba utapanuliwa kwa ajili yangu.

Ukweli ni kwamba zimwi lile halikugusa wachezaji wa ngazi za chini. Tulikuwa wadogo mno, hatukustahili hata kukanyagwa; waliotuua picha ikiganda walikuwa fisi wa porini tu. Siku hizi mtoto wa miaka saba angekutafutia jambo hilo kwenye simu kabla hujamaliza kuuliza. Sisi tulikuwa na mimi.

Nililigundua Jumatano moja mchana, siber tupu, meneja amesinzia. Kwa kuwa nilicheza kuliko wote, nilikuwa wa kwanza kupanda ngazi. Ngoma zikalia. Nikaweka upanga kulia, nikahesabu mpaka tatu, nikainama kwa madaha. Zimwi likanisaga. Ngao yangu na buti zangu vikapotea, kwa sababu ukiuawa na dude lile ulipoteza ulichovaa. Nikageuka haraka kutazama kama kuna aliyeona. Hakuna. Muda si muda Kapinga akaingia akikohoa, ulikuwa msimu wa baridi na lile vumbi letu jekundu, akaniambia chakula kiko tayari. Nilizima skrini. Njiani nikamwambia ngao nimemzawadia mtoto mmoja maskini. Akasema, "Ulifanya muzuri, yaya," yaani kaka mkubwa.

Ningeweza kuwaambia wote kesho yake kwamba dawa imekufa. Sikuwaambia. Kiti cha dirishani kilikuwa kitamu.

Kapinga naye alikuwa na shujaa wake, msichana wa upinde mwenye joho jekundu. Joho lile alilifanyia kazi likizo kubwa nzima, kukusanya nyuzi mojamoja wakati sisi tulikimbilia vita. Alilipenda kiasi cha kulichora kwenye daftari la hesabu. Jumamosi ile siber ilijaa, tumebanana mpaka mlangoni, na zamu ilikuwa yake. Ngoma zikaanza. Nilitazama ngazi yake kwenye pembe ya skrini na nikajua. Alikuwa ameshapita kiwango. Akikimbia sasa hivi, anapona.

Watoto wakapaza sauti, "Inama! Docteur alisema inama!"

Kapinga hakutazama skrini. Alinitazama mimi. Neno moja lilitosha: kimbia. Lilikuwa mdomoni, nalikumbuka hata ladha yake. Nikasema, "Inama."

Alinitazama kidogo tena. Halafu akaweka upinde chini, upande wa kulia, akahesabu, akainama. Joho jekundu likazimika.

Na mimi, ndugu zangu, mimi mtoto wa mwalimu, nilisema nini? Nilisema, "Aliinama mubaya."

"Njo," Kapinga akakubali. "Niliinama mubaya."

Akashuka kwenye kiti, akaenda nyumbani. Wiki moja baadaye mwingine aliuawa, kisha mwingine, na udaktari wangu ukaisha kwa kuzomewa barabara nzima. Nilistahili. Lakini Kapinga hakurudi tena siber, na sikumwomba radhi. Tumekua, tumezika wazazi, tumeoa na kuolewa, na lile neno "mubaya" limekaa kooni mwangu miaka yote kama mwiba wa samaki.

Juzi alikuja kutoka Sakania, anakofanya biashara yake ndogo ya mpakani. Mwanangu Mbuyi, mwenye miaka kumi na mmoja, akamwonyesha mchezo wake kwenye simu. Mchezo mwingine, zimwi lake pia linazurura, lakini masikini zimwi! Simu inalia dakika tano kabla halijatokea. Kuna ramani, kuna nukta nyekundu, na wachezaji mia mbili wanakwenda kulingoja kama wanaongoja mkate utoke tanuruni. Likitokea tu wanalichangia, wanagawana pembe. "Tantine, ya nini kuogopa?" akauliza Mbuyi. "Banaitangaza." Kapinga akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge.

Mbuyi alipotoka kwenda kucheza, nikajikuta nasema. Nilimwambia yote: Jumatano, ngao, kwamba nilijua, kwamba nilimwacha ainame. Mtu mzima, naungama kwa ajili ya joho la kwenye kompyuta.

"Yaya," akasema, "minajua. Ile mercredi nilikuona. Nilikuwa ku mulango. Ulikufa, ukaanza kugeuka uangalie kama kuko bantu. Njo nilirudia inje mbio. Nikakohoa, nikaingia tena."

Nikauliza, "Sasa, ile samedi, kama ulijua, uliinama juu ya nini?"

"Bale batoto bote balikuwa banakuangalia weye. Ningekimbia, bangejua." Akatengeneza kitenge chake. "Ile manteau nilikuwa naipenda, we! Nililia sana. Na kusema ati niliinama mubaya, ile iliniuma kupita manteau."

"Unisamehe, Kapinga."

"Nilishaga kusamehe. Lakini ulikawia."

Amerudi Sakania. Nami namtazama Mbuyi na simu yake inayojua kila kitu, na siwezi kusema kwamba enzi zetu zilikuwa bora. Tulikufa ovyo, tulidanganywa na madaktari kama mimi. Ila tulikuwa watatu kwenye kiti kimoja, na zimwi lilipokuja, ulimtazama mtu usoni. Leo kila mtoto anakimbia peke yake, kimya, vidude masikioni. Hilo linanisikitisha, na sijui nimfanyie nini.

Jana alasiri nilirudi nyumbani mapema. Mlango ulikuwa wazi. Mbuyi alikuwa ameketi sebuleni, amenipa mgongo, na nikaona skrini yake: megabaiti ziliisha, taarifa haikufika, na zimwi lilimkuta yuko peke yake. Pembe zake zote zimekwenda. Alikuwa akilia, anapangusa uso kwa pazia, halafu anageuza shingo huku na huku kutafuta kama kuna aliyemwona.

Midomo ilikwisha kufunguka, ushauri wa Docteur tayari. Nikaifumba. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye geti, nikasimama pale kidogo. Nikakohoa kwa nguvu, nikaburuta viatu, ndipo nikaingia.

Mbuyi alikuwa amekaa wima, macho mekundu, uso mkavu.

"Papa, unafika sasa hii?"

"Sasa hii," nikasema.