Nauli Niliyonunulia Sabuni

Kuna Jumanne moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka akilini. Jana ulipokuja na simu yako jikoni ukaniambia, "Mathe, hii tovuti nikinunua viatu kupitia kwao, wananirudishia pesa kidogo. Nijiunge?" ile Jumanne ilinirudia yote kama ya juzi. Uliona nimegeukia sufuria ukadhani sijaelewa mambo ya mtandao. Nilielewa. Ni vile tu jibu langu ni refu, na siwezi kulisema nikikoroga ugali.

Ilikuwa miaka ya tisini, niko na miaka ishirini. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Kayole na Wanza, msichana wa kwetu, tukifanya kazi kwa karakana ya kushona mashati ya shule huko Umoja. Sisi tulikuwa wa kukata nyuzi na kubandika vifungo. Karibu na karakana kulikuwa kumefunguliwa duka kubwa la jumla, na mwenye duka alikuwa amekuja na kitu ambacho hatukuwa tumeona. Ukinunua vitu vya shilingi mia, unagongewa muhuri mmoja kwa kadi. Kadi ilikuwa na nafasi ishirini. Ikijaa kabla ya mwezi kuisha, unarudishiwa mia mbili. Isipojaa, mwezi ukiisha inatupwa, unaanza upya.

Sasa niambie, hiyo ina tofauti gani na tovuti yako? Mimi sioni.

Niliipenda hiyo kadi, mwanangu, siwezi kukudanganya. Niliiweka ndani ya Biblia yangu, na Mungu anisamehe, kuna jioni niliifungua hiyo Biblia nikahesabu mihuri, nikaifunga bila kusoma hata mstari mmoja. Nilikuwa nimezoea kununua sukari ya kupimiwa kwa kibanda cha jirani, ya kutosha chai ya siku mbili. Nikaanza kubeba kilo mbili nzima. Nilinunua rangi ya viatu na viatu vyangu ni vya plastiki. Wanza alikuwa ananicheka. "Wewe Mwende, hiyo kadi ndiyo imekuoa. Siku moja nitakuja nikute umeipikia."

Nikamwambia, "Cheka tu. Mwisho wa mwezi nitakuwa nahesabu mia mbili wewe ukihesabu vifungo."

Basi Jumanne hiyo, kondakta wa basi la kwetu Ukambani akapitia karakana akanipa barua. Ilikuwa ya shangazi Ndunge, dada yake babangu. Mama alikuwa ametutoka nikiwa mdogo, kwa hivyo ni shangazi na baba walionilea. Baba alikuwa mchongaji, alikuwa anachonga twiga na vijiko vya mbao. Barua ilikuwa fupi. Baba yako haamki kitandani. Anakuulizia. Njoo hata mikono mitupu.

Nilikuwa na mia saba. Nauli ya kufika nyumbani haikufika mia mbili. Msimamizi wetu, mama mmoja mpole sana, aliniambia niende hata kesho asubuhi, kazi nitaikuta.

Nikawaza, mtu anatoka Nairobi aje aingie boma la wazazi bila hata mkate? Wewe hukukulia huko, hujui vile watu hukuangalia mikono kwanza. Unashuka kwa basi, na kabla hujasalimia, watoto wameshakupokea mizigo. Binti anayefanya kazi mjini akija mikono mitupu, wanasema mji umemshinda. Na nikakumbuka kadi. Ilikuwa na mihuri kumi na minne. Ilibaki sita, na mwezi ulikuwa unaisha wiki hiyo. Nikajiambia, nikinunua vitu vya mia sita vya kupelekea baba, kadi inajaa, narudishiwa mia mbili papo hapo, na hiyo ndiyo nauli. Niliona ni kama nimepewa hekima ya Sulemani.

Jioni hiyo nikanunua sabuni ya mche, sukari, majani chai, mafuta ya kupikia na unga wa ngano. Nikampa yule dada wa kaunta kadi yangu imejaa. Akaiangalia, akanirudishia.

"Hii ni ya Jumamosi, madam. Mdosi mwenyewe wa duka ndiye huja kulipa za kadi."

"Lakini mimi nasafiri kesho."

"Si usafiri Jumamosi? Mihuri haitatoroka."

Nikabaki na mia moja, haitoshi nauli. Ningemwomba achukue vitu vingine anirudishie pesa. Sikumwomba. Kurudisha vitu kungemaanisha mihuri ifutwe, na mimi nilikuwa nimeona kadi imejaa.

Nilipofika chumbani Wanza aliangalia mizigo, akasoma barua, na hakucheka. Akasema, "Mwende, lala tu leo, kesho asubuhi twende kwa wamama wa kanisa. Watakuchangia nauli hata hawajamaliza kuomba."

"Nikaombe watu na pesa yangu inakuja?"

"Inakuja lini?"

"Jumamosi. Ni siku nne tu. Baba ameugua mara ngapi na akaamka?"

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Kununua sabuni haikuwa dhambi. Lakini ile pesa ambayo haikuwa mkononi ilinifanya nijione mtu mwenye pesa, nikaona aibu kuomba. Kama singekuwa na kadi, ningelia mbele ya wale wamama Jumatano asubuhi, na mchana ningekuwa nimeketi kando ya kitanda cha babangu.

Jumatano nikaenda kazi. Alhamisi nikaenda kazi. Ijumaa nikashona vifungo nikiimba.

Jumamosi mwenye duka akaja, akahesabu mihuri, akaniambia nichague vitu vya mia mbili. Nikamwambia nataka pesa, nina mgonjwa. Hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha maandishi madogo nyuma ya kadi, na kweli yalikuwa hapo siku zote, kwamba malipo ni kwa bidhaa. Kusoma kwangu wakati huo kulikuwa kwa shida, ndio maana baadaye nilienda masomo ya jioni nikiwa na wewe mgongoni. Nikatoka hapo na mche mwingine wa sabuni na pakiti za unga. Nauli nilipewa na Wanza, kwa pesa yake ya kununulia makaa.

Niliposhuka kwa steji ya kwetu mchana huo, hakuna mtoto aliyekuja kupokea mizigo. Niliona viti vimepangwa nje ya nyumba yetu, nikajua.

Baba alikuwa ameaga Ijumaa alfajiri. Shangazi Ndunge alinitazama nikiweka chini ule mzigo wote. Hakupiga kelele. Alisema, "Tangu Jumatano kila basi likipita, ananiuliza, ni Mwende? Namwambia, litakalofuata. Alikuulizia wewe, mama. Hakuulizia sabuni."

Sabuni hiyo ndiyo tuliyooshea sufuria za matanga. Wiki nzima, kila nikiinama kwa karai, mikono yangu inanuka hiyo sabuni. Na alichotaka baba kuniambia sikijui mpaka leo. Shangazi pia hakukijua. Alisema baba alikuwa anakiweka aniambie mimi mwenyewe.

Sasa nikujibu. Hiyo tovuti yako, sisemi ni ya wezi. Kama ulikuwa umeshaamua kununua hivyo viatu, na ulikuwa utavinunua bei hiyo hiyo bila kurudishiwa chochote, pitia kwao, si vibaya. Lakini kwanza soma yale maandishi madogo, uone wanalipa lini, wanalipa pesa au wanakupa vya kununulia tena kwao, na ni mpaka ifike kiasi gani. Usinunue jozi ya pili ndio ufikishe hicho kiasi. Siku utajipata unatafuta kitu cha kununua kwa sababu kuna kitu cha kurudishiwa, funga simu. Na pesa ambayo bado iko kwao usiihesabu, usiipangie, usikatae msaada wa mtu kwa sababu yake. Nauli weka kando siku zote, ndogo tu, isiyoguswa na mauzo ya aina yoyote. Mtu wako akikuita, mwanangu, nenda siku hiyo hiyo. Nenda mikono ikiwa mitupu. Hakuna mgonjwa anayekungoja ili aone umebeba nini.

Naomba Mungu wa babangu akupe macho ya kuona mapema kile mimi nilichokiona nimechelewa. Akujalie kazi ya halali na moyo unaotosheka. Na popote utakapoitwa na mtu anayekupenda, akufikishe angali anaweza kukusikia. Amina.