Chai Isiyokolea Sukari

Harufu ya hiliki inayotwangwa hunirudisha hadi leo jikoni kwetu Temeke, nimechuchumaa karibu na jiko la mkaa, nasubiri chai. Nisikufiche, msomaji wangu, nilikuwa mtoto wa sukari haswa. Nyumbani sukari ilichemshwa humohumo sufuriani, kwa hiyo aliyepika ndiye aliyeamua utamu wa nyumba nzima. Ya mama ilikuwa tamu mpaka midomo inanata.

Halafu utamu ule ukaanza kupungua, kidogokidogo. Mama aliongeza hiliki, akazidisha tangawizi, akatia na mdalasini. Maandazi ya asubuhi yakawa mihogo ya kuchemsha, na vitumbua tukaviona Ijumaa tu. Nilinung'unika weee! Mama hakunijali.

"Kunywa, mwanangu, utazoea."

Baba, aliyekuwa hodari wa kudai sukari zaidi, alikunywa kimya na kushukuru.

Shangazi, dada yake baba, alikuja siku moja kutoka Sinza. Akapiga funda moja, akakitua kikombe.

"Wifi, siku hizi umekuwa mkono wa birika?"

"Ndo nilivyo, wifi yangu," mama akacheka. "Nikuongezee?"

Hakutaka kuongezewa. Habari ikazunguka ukoo mzima kwamba mke wa kaka ni bahili, anawapa wageni maji ya moto yenye rangi. Kwa watu wetu wa pwani hilo si neno dogo. Nilimwonea mama aibu, na kusema kweli nilimkasirikia, maana kopo la sukari lilikuwepo kabatini.

Idi ilipofika tulikwenda kwa shangazi. Nilikunywa chai yake kwa pupa, nikakunja uso.

"Shangazi, sukari imekumwagikia?"

Walicheka wote. Mimi nilibaki nashangaa, kwa sababu chai ile ndiyo niliyokuwa nikiililia nyumbani. Ulimi wangu ulikuwa umeshahama bila kuniaga.

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kuwa mwaka ule baba aligundulika ana kisukari. Hakutaka kuonewa huruma, wala kuwekewa kikombe chake peke yake kama mgonjwa. Basi mama akaishusha nyumba nzima ikanywe chai ya baba, sote pamoja, bila yeyote kujua.

Juzijuzi nilimuuliza, "Mama, shangazi alikusema miaka yote ile. Kwa nini hukumwambia ukweli?"

Alikuwa anakuna nazi, hata kichwa hakuinua.

"Baba yako aliniomba asijue mtu. Mie kuitwa bahili kutaniua?"

Nilichuchumaa karibu naye. Uani baba alikuwa akibishana na wajukuu zake juu ya mpira, anapiga kelele kuwashinda wote. Mama akasimamisha mkono, anamsikiliza.

"Si huyo hapo," akasema, akaendelea kukuna.