Niliuliza Waliofia Gatini

Kwetu, upande wa Shinyanga, tulijua jambo moja tu kuhusu babu: alikwenda kubeba mizigo ya wakoloni bandarini, kule ziwani upande wa Geita, akafia huko. Baba alinyolewa nywele za msiba akiwa bado anachunga ndama. Basi mwanzoni mwa miaka ya themanini, baba alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, akaniita.

"Nenda ukaulizie alipolazwa. Siwezi kufa sijui baba yangu yuko wapi."

Nikaenda. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo habari za zamani nazitafuta kwa mdomo na miguu. Lori la pamba likaniacha Kharumwa, nikaendelea kwa baiskeli ya kukodi. Ule mnyororo wake! Uliila suruali yangu ya kanisani mpaka goti, na mke wangu hadi leo anaamini niliichana kwa pombe. Haya, tuache suruali.

Bandari nilidhani nitaikuta na meli. Nikakuta nguzo chache nyeusi za gati zimesimama majini, na wanawake wanafua pale ambapo, wanasema, mashine za mgodi zilikuwa zikishushwa. Bohari halikuwa na paa. Mbuzi walilala ndani.

Nikaanza nyumba ya kwanza. "Shikamoo mama. Hapa zamani alifia nani? Alizikwa upande gani?" Nyumba ya pili vilevile, na ya tatu. Wanawake wakawa wanawaita watoto ndani. Mimi nikasema moyoni, watu wa ziwani wana haya.

Asubuhi yake mtoto wa nyumba mojawapo aliamka na degedege. Nikasikia filimbi. Ikajibiwa na nyingine, halafu nyingine. Sungusungu, wale walinzi wa vijiji waliowinda wezi na wachawi, ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuenea, na hakuna aliyesikia filimbi zile akauliza maana yake. Walinikuta nafunga mzigo, na mtu anayefunga mzigo wakati huo, hata mimi ningemkamata.

Wakanifunga mikono kwa kamba ya katani, wakanikalisha ndani ya lile bohari. Pinde pande zote. Kamanda wao alikuwa mtu mzima, mtaratibu, na huo utaratibu wake ndio ulionitisha kuliko pinde.

"Umetumwa na nani kuhesabu maiti zetu?"

"Sikutumwa, baba. Yaani, nimetumwa. Na baba yangu."

"Kumbe ni uchawi wa ukoo!" kijana mmoja akadakia, wenzake wakacheka. Mimi nilitaka kucheka nao ili wanipende, lakini ikatoka sauti kama ya bata. Wakaacha kucheka.

Nilijua wanachoweza kunifanyia. Nikawaza baba atamngoja mtu wa pili sasa, na huyo naye hatarudi.

Akaingia mama mzee, anajikongoja na fimbo. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Akanitazama.

"Wewe mtu. Anayetafuta ndugu huuliza aliyezaliwa. Wewe unauliza aliyekufa. Nani akufungulie mlango? Haya, uliza upya."

"Kuna... kuna mtu hapa aliyezaliwa na mpagazi kutoka Shinyanga?"

"Walikuwa wengi. Jina."

Jina la babu nilikuwa nimelibana. Kwetu halikutajwa ovyo, nami sikutaka kulitembeza kwenye milango ya watu. Nikalitaja.

Kamanda akaitoa filimbi mdomoni. Hakunitazama mimi, alimtazama yule mzee.

"Mama, hilo si la baba?"

"La baba yako," akasema. "Mfungueni mtoto wa watu. Mjukuu wa mume wangu mnamfunga kama mbuzi!"

Babu hakufa bandarini. Bandari ilipokwisha, akabaki. Kila mwaka alisema atakwenda kwao baada ya mavuno, akasema hivyo mpaka akaota mvi. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba ya kamanda, kumbe baba yangu mdogo, na udongo wake bado haujaota nyasi. Yule mtoto wa degedege alipelekwa zahanati, jioni akawa anadai uji. Nami nikapewa uji.

Mngesema hofu iliisha hapo. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naogopa zaidi. Kumwambia mgonjwa kwamba baba yake alikuwa hai miaka yote ile, analima, anazaa, na hakuja, si afadhali ningemwambia ziwa lilimla? Nilifika uani nikazunguka zizi la ng'ombe mara kadhaa, mama akafikiri ni mwizi.

Nikamwambia baba yote. Mkono wake ukapanda taratibu kichwani, akajipapasa mvi.

"Kumbe walininyoa bure," akasema. Halafu, "Huyo mdogo wangu, amefanana na nani?"