Tumbo Lililofichwa, Mguu Uliosema

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyotaja mambo ya choo cha mume wangu mbele ya baba yake.

Tulikuwa tumeoana juzi tu, tukikaa upande wa Ndanai. Mume wangu, Kipkorir, alikwaruzwa muundi na shina la mchai akichuma. Mkwaruzo ukawa kipele, kipele kikawa kidonda chenye kingo za zambarau, kinachokula nyama upesi na kuuma hata asipate usingizi. Zahanatini walikisafisha kwa kukata nyama iliyooza, na kila wakikata, kikapanuka. Majirani wakanong'ona kwamba ni laana. Wengine waliacha hata kuingia kwetu.

Habari ya kukatwa mguu ilipoanza kutajwa, mimi na baba mkwe tulimpeleka hospitali kubwa. Daktari, mama mpole, alikitazama kidonda kwa muda, kisha akauliza jambo ambalo hatukulitarajia.

“Na tumbo iko aje?”

“Tumbo iko sawa, daktari,” Kipkorir akajibu, macho sakafuni.

Haikuwa sawa. Alikuwa akiendesha damu kwa miezi, na alinikataza kumwambia mtu. Kwetu mke hasemi hayo mbele ya baba mkwe. Uso uliniwaka. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, nami sikutaka kuwa mjane.

“Anaendesha damu, daktari. Tangu tupande mahindi.”

Mume wangu akageukia ukuta. Mzee akainuka, nikajua anatoka. Kumbe alivuta kiti chake karibu na changu, akaketi.

“Sema yote, mama,” akaniambia.

Nikasema. Baada ya vipimo, daktari alitueleza kwamba utumbo ulikuwa na vidonda, na kwamba ugonjwa huo wa ndani ndio uliotokeza mguuni. Ni nadra, hauambukizi, na kukata kidonda kwa kisu huuchochea. Alimpa dawa za kutuliza mwili unaojishambulia wenyewe. Mguu haukukatwa. Kidonda kilifunga polepole, kikaacha kovu jembamba. Tumbo analitibu mpaka leo.

Mume wangu alininunia hadi mvua zikaisha. Kisha asubuhi moja akasema, “Leo ni kliniki. Twende wote, unikumbushe nikisahau.”

Mwanangu, ngozi ikiuma usidhani ni ngozi peke yake. Ukiulizwa na daktari, sema yote, hata ya aibu. Kidonda kinachokua kila kikikatwa, uliza tena kabla ya kisu kingine. Na mgonjwa usimtungie laana.

Mungu akulinde nje na ndani, akupe uzee mwema na watu wa kukupenda.