Motere Yenye Ilianza Yenyewe

Siku yangu ya kwanza ku atelier, karakana ya shule ya ufundi, hapa Butembo, Chef d'atelier alinipatia musumari munene na waya ya shaba. "Zungusha mara mia. Waya hapana panda juu ya ingine." Ile ni bobine: ukipitisha umeme, musumari inakuwa sumaku. Nilikosea, akafungua yote. "Anza tena, fundi." Alikuwa mutu ya Kasai, mukali kweli, mais alinifundisha kama ndugu yake ya tumbo moja.

Tulitengeneza motere ndogo za kuonyesha banafunzi, ginsi bazungu ba zamani balizifanya: bobine ine ku gurudumu ya mbao, na collecteur, shaba yenye inakata umeme na kuirudisha ili gurudumu isisimame. Batu balitoka mupaka Vuhovi kuziangalia.

Kisha vita ikafika. Barebele baliingia atelier asubuhi, bakaona nyaya, bakafunga Chef mikono. Commandant yao akasema, "Hii ni radio. Unaongea na basoda ba serikali."

"Hapana radio, mon commandant. Ni motere. Inazunguka tu," Chef akajibu.

"Donc izunguke. Ikikataa, unakufa."

Yesu wangu! Mapile, betri zetu, yote ilikuwa imekwisha. Nilikata bati, nikaitia pamoja na shaba ndani ya bocal, chupa sita za sulfate, ile dawa ya buluu ya kunyunyizia biazi. Inatoa umeme kidogo. Motere za vile, kila mara unazisukuma na kidole ndio zinaanza. Mimi, kwa woga, nilisugua collecteur mupaka ikang'aa, umeme ipite muzuri. Nikaunga waya.

Ikaanza yenyewe. Hakuna mutu aliigusa.

Nilicheka, wee, nilicheka na machozi! Mais barebele baliruka nyuma, na commandant akauliza:

"Nani anaisukuma?"

"Umeme," Chef akasema.

"Hakuna mutu hapo. Wewe ni mulozi, muchawi! Mupelekeni inje."

Nilisikia risasi mbili. Mupaka leo akili yangu inakataa: mutu anaonyesha kwamba hana kosa, banamuua sababu ya kitu ile ile alionyesha.

Kisha nilifanya kazi Beni, ku kiwanda ya kahawa, chini ya badirecteur batatu, mupaka pension. Motere kubwa nilizitengeneza nyingi. Ile ndogo, sikutengeneza tena hata moja. Bafundi bapya bananiuliza, "Muzee, kosa yako kubwa ilikuwa gani?" Sibafichi. Ningeisukuma na kidole, bangeona ni mukono ya mutu, na Chef angerudi kwa bibi yake.