Mgomba Juu ya Mfereji

Mimi Mkisii, niliyelelewa kwenye ndizi, niliwahi kupanda mgomba usio na mizizi. Kipindupindu kilikuwa kimefunga soko na cherehani yangu imelala. Bili ya maji ilikuwa ya miezi mitatu. Nikasikia karani wa maji anapita nyumba hadi nyumba na spana, nikajua anakuja kukata. Basi Jumatatu nikaufunika mfereji wangu mfupi wa bomba uani kwa samadi, nikachomeka mgomba mchanga juu yake, nikaketi nikijisifu.

Akafika Alhamisi. "Mfereji wako uko wapi, mzee?"

"Sina. Sisi tunachota mtoni."

Akasikitika kweli. "Pole. Waliokosa kazi wamesamehewa bili, maji yaendelee kutoka, watu wanawe mikono. Lakini naandika wenye mfereji tu, na kukaza unaovuja."

 Ningerudije nyuma, nami ni shemasi kanisani?

Hapo mke wangu Kerubo akatoka jikoni na ndoo, akamsalimu mgeni, akaung'oa mgomba kama alivyokuwa akifanya kila siku tangu Jumatatu, akafungulia maji.

Karani aliitazama ndoo ikijaa, akalamba ncha ya penseli.

"Mfereji mmoja," akasema akiandika. "Hauvuji. Unafugwa chini ya mgomba."